Mrututu

Barua imekuja tena, na mhuri wake wa zambarau:
mteja mwenye bustani, bucha, karakana au zahanati
apimishe vali ya kuzuia maji kurudi nyuma,
kila mwaka, kwa gharama zake mwenyewe,
la sivyo mita itafungwa.
Siku thelathini. Ishirini na sita nimezitumia
kulalamika.

Nami nalalamika vizuri. Dukani kwa Temu wananyamaza wanisikilize.
Vali ya shaba, nasema, inayojaa kiganja,
bei yake miche mia tatu ya kahawa,
na kipimo juu ya vali, na cheti juu ya kipimo!
Tangu lini maji yakarudi yalikotoka?
Sisi tumezaliwa kando ya mifongo,
tunajua maji yana njia moja,
kutoka msituni, kupita migombani, zamu kwa zamu,
na wa juu ndiye humchafulia wa chini.
Kinyume chake nani alikiona?

Hivyo ndivyo nisemavyo dukani.

Leo asubuhi amefika Nakijwa Mchome,
mkoba begani, buti zina tope la Pasua.
Chai hakutaka.
Alipiga magoti penye mita kama anayemfunga mtoto kiatu,
akaunga vimpira vitatu,
akafungua kidogo, akafunga, akangoja,
jicho kwenye saa ya presha.
Mshale ukatetemeka. Ukashuka. Ukasita.
Mimi nimeshika spana, sijui ya nini.

"Mzee Makundi," akasema bila kuinua uso,
"lile pipa la dawa, mpira unaingia mpaka chini?"
Nikasema hapana.
Akaandika hapana.

Hapana ya leo ni ya kweli.

Lakini mwaka ule, katapila lilipopasua bomba kuu
pale bondeni, karibu na daraja la Rau,
mtaa mzima ulivuta pumzi kwa ndani,
na mpira wangu ulikuwa umelala pipani,
kinywa chake kwenye mrututu,
lita mia mbili nilizokoroga alfajiri
kwa ajili ya chulebuni.
Nilikwenda kula. Niliporudi pipa lilikuwa nusu.
Nikatafuta ufa. Nikapapasa ardhi:
kavu.

Bi Ndeonasia hukaa nyumba ya tatu kabla ya yangu.
Maji humfikia yeye kwanza, ndipo yaje kwangu.
Jioni ile bomba lake lilikohoa, likatema maji
ya rangi ya sketi za shule,
ndani ya beseni la kumwogeshea mjukuu.
Akaita watu waje waone.
Nikaenda. Nikaona.
Nikasema, "Mamlaka hawa!"
Nikasema kwa sauti kuwashinda wote.

Akayamwaga kwenye shina la mpapai.
Mtoto hakuoga siku hiyo, basi.
Mpapai ulipukutisha majani, mmoja mmoja, hadi Pasaka.

Maji yakimwagika hayazoleki, tulifundishwa.
Yanayorudi hatukufundishwa kitu.

"Imeshika," akasema Nakijwa, akifuta mikono kwenye suruali.
"Mwakani tena."
Akachana cheti kitabuni, sehemu yangu na sehemu yake,
nikahesabu noti, nikakosea, nikahesabu upya.
Alipokuwa anatoka langoni
mjukuu wa Bi Ndeonasia alikuwa anapita, yuko darasa la sita,
sketi yake ya buluu imepigwa pasi hadi inang'aa.
"Shikamoo, babu."

Marahaba, mwanangu.

Jioni Temu ameniuliza wamenikamua kiasi gani.
Nimetaja bei.
Wakasogeza viti, wakangoja niendelee.
Nikanunua kiberiti, nikaondoka,
nikasikia nyuma yangu mtu akiuliza
kama mzee anaumwa.